Mteja Alitaka Mlio, Mimi Nikapata Muwasho

Mteja alijifungia ekzosi mpya mwenyewe, kisha akaniletea pikipiki, ya silinda moja na kabureta, pamoja na malalamiko mawili: mlio haujakolea, halafu kila akiachia mafuta inapiga fataki. Nikamwambia la pili limeshajibu la kwanza. Hakucheka.

"Fundi, niongezee jeti tu."

Siku hizi kila anayebadili ekzosi anakuja ameshajiandikia dawa. Ni kweli ekzosi iliyo wazi hupitisha moshi kwa urahisi, mchanganyiko ukapungukiwa petroli, na huenda jeti kuu, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, ikahitaji kupanda saizi moja au mbili. Lakini fataki za kuachia mafuta kwanza zitafute shingoni, bomba linapoungana na hedi, kichwa cha injini. Pakivuja, hewa ya nje huingia, ikakutana na petroli isiyoungua ndani ya bomba lenye moto, na pah! Jeti haizibi tundu.

Kipimo ni rahisi. Injini ikiwa ya baridi, pakaza maji ya sabuni kwenye maungio, washa, mmoja azibe mkia wa ekzosi kwa kitambaa kinene huku mwingine akitazama mapovu. Mimi nikachuchumaa nyuma na kitambaa. Yeye akakaa mbele atazame.

Mapovu yakatoka. Kwa furaha ya kuyaona, jamaa akapiga resi, akaachia.

Kitambaa kilinitoka mkononi. Nyuma yake kikafuata kile kibomba cha ndani chenye matundu, kinachopunguza kelele, kikapita katikati ya magoti yangu na kutumbukia mtaroni. Kazi ya kukishika ilikuwa ya bolti moja ya milimita 6. Jamaa aliipoteza, akaweka skrubu ya mbao. Mwisho likaja wingu la pamba ya kioo, ile inayojazwa kwenye sailensa, likanitua shingoni. Msiisugue pamba hiyo, inazidi kuzama. Inabanduliwa kwa utepe wa kunata, kisha maji mengi ya baridi.

Mteja akazima injini. "Fundi, huo mlio ndio ninaoutaka!"

Nikafungua shingo huku najikuna. Gasketi ya zamani ilikuwa bado imebana kwenye hedi, imebondeka hadi ukadhani ni sehemu ya chuma chenyewe. Juu yake akaweka mpya. Mbili hazikai sawa. Nikaing'oa ya zamani, nikaweka mpya moja, nikaanza nati zote kwa vidole, bolti ya nyuma ikiwa legelege. Nati za mbele hukazwa kwa zamu, kidogo kidogo, bolti ya nyuma mwisho. Ukianza nyuma unaivuta shingo upande. Fataki zikakata. Plagi ilikuwa nyeupe, dalili ya kupungukiwa petroli, kwa hiyo jeti ikatoka 98 hadi 102, ikageuka kahawia. Alipata jeti yake, ila kwa sababu iliyoonekana.

Kibomba cha ndani akakikataa katakata. Nikamwacha ajaribu hivyo hivyo mlimani. Bomba tupu mara nyingi huiba nguvu ya mizunguko ya chini kwenye injini ndogo, na siku hiyo iliiba kweli: mlio ulifika juu kwanza, yeye na pikipiki wakafuata baadaye kwa gia ya pili.

Akarudi mpole. "Kile kibomba kiko wapi?"

Nikamwonyesha mtaro kwa kiwiko. Vidole vilikuwa na kazi shingoni.