Ndiyo, Nimefukuzwa na Kitoweo

Najua video mmeshaiona. Yule mshenzi niliyekuwa namwita rafiki ameisambaza kwenye magrupu yote na maneno "mtu mzima anafukuzwa na kitoweo". Sawa. Ila video haioneshi kilichokuwa chini ya maji, kwa hiyo tulieni.

Tulikodi kayaki Kunduchi, tukavuka kwenda kisiwa cha Mbudya. Karibu na mwamba kasia likaniponyoka, nikashuka kulifuata. Jaketi okozi mwilini, miwani ya kuzamia usoni, raha mustarehe.

Chini, kwenye mchanga na vipande vya matumbawe, nikamwona samaki, kikande. Si hawa wa sahani mnaowajua. Huyu alinifika toka kiwiko hadi ncha za vidole. Alikuwa anapuliza mchanga, ana shughuli zake. Akaacha. Akalala ubavu, akanitazama kwa jicho moja. Jicho likazunguka. Akasimamisha mwiba wa mgongoni. Nikajiambia, ananisalimia huyu.

(Msicheke, bado.)

Akapanda. Polepole kwanza, halafu si polepole. Mdomo wazi, na yale meno ya kuvunjia matumbawe. Nikaweka kasia katikati, akaling'ata, ule mlio nikausikia kwenye fizi zangu. Nikajitupa kayakini kwa tumbo. Sasa pigeni picha: kichwa na mikono vimeokoka, makalio bado yako baharini. Rafiki yangu kwenye kayaki yake anatafuta mwanga mzuri wa simu.

Kalio la kushoto. Akang'ata, akaachia, akarudi palepale kana kwamba mara ya kwanza alikuwa anaonja chumvi.

Ile sauti ya mtoto kwenye video? Hakukuwa na mtoto.

Kayaki ikapinduka. Mzee mmoja wa ngalawa akapaza sauti: "Mwanangu, nenda kando! Kando! Analinda mayai!" Kumbe eneo lake linapanda hadi juu ya maji, na kadiri linavyopanda ndivyo linavyopanuka. Pale juu nilipokimbilia nilikuwa katikati ya sebule yake.

Nikaenda kando, akanisindikiza, akarudi kwake. Nikapakwa dawa. Kwenye daladala konda akasema, "Kaka, siti hiyo, kaa." Nikamwambia napenda kusimama.

Na nyie mnaoniandikia inboksi mkitaka picha ya jeraha: hapana. Hata wewe, shangazi.