Hedhi Imekoma, Mimi Sijakoma

"Hedhi yako imekoma," daktari alisema, macho yake kwenye karatasi ya majibu. Mimi nikasikia "umekoma."

Anayejua Kiswahili hatanilaumu, maana neno ni lile lile. Mtoto aliyekatazwa kupanda mti, akapanda na kuanguka, tunamwambia umekoma. Aliyemkopesha rafiki na hakulipwa hujisemea mwenyewe, nimekoma. Basi nikiwa na miaka 38, nimekaa na mkoba mapajani, swali la kwanza lililonijia halikuwa la homoni wala mifupa. Nilijiuliza: nimefanya nini?

Sikufanya kitu. Kuliamini hilo kumenichukua karibu miaka mitatu.

Mambo yalianza polepole. Siku zangu, ambazo tangu usichana hazikuwahi kunichezea, zikaanza kuruka. Mwezi huu zinakuja baada ya wiki tatu, ujao haziji kabisa. Nikapima mimba mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimeshaanza kufikiria jina, na kile kimstari kikabaki kimoja. Kisha usingizi ukaondoka. Nilikuwa naamka saa tisa usiku kifua na shingo vimelowa kama niliyemwagiwa maji, nageuza mto upande wenye ubaridi, nasinzia dakika kumi, naugeuza tena. Mume wangu akahamia ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja nje, kwa sababu nilimwambia mwili wake unaniunguza.

Hilo joto watu wanalijua, hata utani wanalifanyia. Nisichoambiwa na mtu ni habari ya maneno kupotea. Nilisimama mbele ya wenzangu kazini nina sentensi kamili kichwani, nikafika katikati, neno halipo. Tena neno la kila siku: ratiba. Nikabaki nimenyoosha mkono kuelekea ukutani ilipobandikwa, nasema "ile... ile nanii." Wakacheka, nami nikacheka, kisha nikaenda chooni kulia.

Nilizunguka kwa madaktari karibu mwaka mzima. Wa kwanza alisema ni msongo wa mawazo. Wa pili akanipa vidonge vya usingizi. Wa tatu alikuwa mama mtu mzima, na nilipomwona tu nikajua huyu atanielewa. Akaniambia, "Mwanangu, wewe bado mdogo sana kwa mambo hayo," na hakuandika kipimo hata kimoja. Hasira yangu mpaka leo iko hapo. Udogo wangu ndio uliokuwa sababu ya kunipima.

Kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, wastani ukiwa karibu 51. Ikikoma kabla ya 45, imewahi. Kabla ya 40 ni hali nyingine yenye jina lake: ovari kushindwa kazi kabla ya wakati. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba humpata mwanamke mmoja kati ya 100, na makadirio ya karibuni yanafika watatu na zaidi. Watatu kati ya mia si kioja. Hesabu wanawake wa rika lako unaowajua, wa shuleni, wa kazini, wa ukoo, uone kama hufiki mia.

Kipimo chenyewe ni cha damu. Ubongo hutuma homoni iitwayo FSH kuziambia ovari zikuze yai. Ovari zikiitika, ubongo hutulia. Zisipoitika, ubongo huzidi kupaza sauti, na FSH hupanda. Yangu ilikuwa juu mara ya kwanza, ikawa juu tena wiki tano baadaye. Hurudiwa kwa sababu ovari zilizochoka hazizimiki kama taa. Huweza kuzinduka mwezi mmoja zikalala tena, ndiyo maana wanawake kama watano hadi kumi kati ya 100 wenye hali hii hushika mimba wenyewe bila msaada wa daktari.

Nikauliza sababu. Wapo waliotibiwa saratani kwa dawa au mionzi, waliotolewa ovari kwa upasuaji, wenye hitilafu katika kromosomu ya X, na wale ambao kinga ya mwili imegeuka kuupiga mwili wenyewe. Sigara nayo husogeza mwisho karibu kwa mwaka mmoja au miwili. Wengi wetu hatumo katika kundi lolote kati ya hayo. "Hatujui," daktari alisema, nami namshukuru kwamba hakunitungia.

Akaniandikia homoni. Nikazifungia kabatini wiki sita.

Aliyenizuia ni shangazi yangu, mtu ambaye hajawahi kunidanganya. Alinipigia simu jioni ileile. "Mwanangu, hizo dawa zinaleta kansa. Kukoma ni maumbile, sote tumepita huko. Vumilia." Nampenda shangazi, na katika yote aliyosema nilikubaliana na neno moja tu: mwanangu.

Hofu ya kansa ina chimbuko, haikutoka hewani. Mwaka 2002 nchini Marekani, sehemu ya utafiti mkubwa uitwao Women's Health Initiative ilisitishwa kabla ya wakati wake. Wanawake 16,608 walikuwa wamegawanywa, wengine wakipewa estrojeni, homoni ya kike inayotengenezwa na ovari, pamoja na projestini, dawa inayoiga homoni ya pili ya ovari, projesteroni, na wengine vidonge visivyo na dawa. Ikaonekana waliotumia homoni walipata saratani ya matiti zaidi: kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, 38 badala ya 30. Yaani wanane zaidi. Lakini tofauti hiyo ilitangazwa kwa asilimia, ongezeko la 26, na 26 ndiyo inayotisha watu. Duniani kote wanawake wakatupa dawa zao.

Kilichopotea katika ule mshituko ni umri. Waliopimwa walikuwa na miaka 50 hadi 79, wastani wao 63, na wengi hedhi yao ilikoma zamani. Tena dawa ilikuwa kidonge cha estrojeni iliyotolewa kwenye mkojo wa farasi wenye mimba, pamoja na projestini ya kiwandani, si kibandiko cha ngozini ninachotumia mimi. Wale mama walikuwa wanaongezewa homoni ambayo miili ya rika lao haina tena. Mimi narudishiwa homoni ambayo mwili wa kila rafiki yangu niliyesoma naye unajitengenezea asubuhi hii bila kuandikiwa na daktari. Na hakuna anayewapigia simu kuwaonya kwamba ovari zao ni hatari.

Mwenye kisukari anayehitaji insulini hapewi pole na kuambiwa avumilie. Ambaye tezi yake ya shingo imelala hupewa homoni yake akameza kila asubuhi hadi uzeeni, wala hakuna mkutano wa ukoo. Likifika suala la ovari ndipo upungufu unaitwa maumbile na tiba inaitwa kiburi. Mimi nadhani ni kwa sababu tumezoea kwamba mambo ya mwanamke ya chini ya kitovu ni ya kuvumiliwa: uchungu wa hedhi, uchungu wa uzazi, na sasa hili.

Na uvumilivu wenyewe una gharama. Estrojeni huzishika breki seli zinazokula mfupa. Ikiondoka, mfupa huliwa haraka kuliko unavyojengwa, na mishipa ya moyo nayo hupoteza kinga iliyokuwa nayo. Aliyekoma akiwa na 51 hukutana na hayo kwa wakati wake. Aliyekoma na 38 amewahi kwa miaka 13. Ndiyo sababu miongozo ya kitaalamu hutushauri sisi, asiyekuwa na kizuizi, tutumie homoni angalau hadi kufika umri ule wa wastani, kisha tukae tuamue upya. Nilipopigwa picha ya mifupa, uti wa mgongo wangu ulikuwa umeshaanza kupungua. Karatasi hiyo ndiyo iliyofungua kabati.

Sisemi kila mwanamke akabandike. Aliyewahi kupata saratani ya matiti, anayetokwa damu isiyojulikana chanzo, au mwenye ugonjwa wa ini, huyo ana mazungumzo mengine na daktari wake. Aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa pia, ingawa kwake njia ya dawa ina maana kubwa: estrojeni ya kumeza hupita kwenye ini kwanza na huongeza uwezekano wa damu kuganda, lakini inayopita kwenye ngozi, kwa dozi za kawaida, haijaonekana kuuongeza. Kwa hiyo nilichagua kibandiko. (Na wale wanaoniletea mizizi na majani kwenye simu kila wiki: mifupa yangu haijasikia habari zenu.)

Kibandiko ni kipande chembamba cha plastiki inayoonyesha ngozi, kidogo kuliko kiganja cha mtoto. Kinakaa chini ya kiuno, kalioni au juu ya paja, kamwe si kwenye titi, na hubadilishwa mara mbili kwa wiki. Mimi ni Jumatatu na Alhamisi. Cha kwanza nilikibandika nimetoka kuoga na kujipaka mafuta, asubuhi nikakikuta kwenye shuka upande wa mume wangu. Siku nzima nilimtania kwamba homoni amezipata yeye. Sasa nabandika kwenye ngozi kavu, upande tofauti na wa mara iliyopita, naweka kiganja juu na kuhesabu hadi thelathini. Kikitoka kinaacha alama ya gundi iliyoshika nyuzi za nguo, nyeusi pembeni, ambayo sabuni haiitoi. Mafuta yale yale yaliyokidondosha cha kwanza ndiyo yanayoitoa.

Usiku nameza projesteroni. Mwenye mji wa mimba hana hiari hapo, kwa sababu estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa ndani wa mji wa mimba, na mwisho wake waweza kuwa saratani. Hilo lilijulikana miaka ya 1970, na wanawake waliotangulia ndio waliolipia somo. Projesteroni huleta usingizi, kwa hiyo humezwa wakati wa kulala. Sijawahi kuipenda athari ya dawa namna hii.

Miezi mitatu ya kwanza haikuwa mizuri. Matiti yaliuma mpaka kukumbatiwa ikawa adhabu, na matone ya damu yalikuja bila mpangilio. Usingizi ulirudi wiki ya tatu. Joto lilipungua lakini lilikataa kuondoka, nami nikaanza kusema dawa imeshindwa, kumbe dozi ilikuwa ndogo. Sisi tuliokoma mapema mara nyingi huhitaji zaidi ya mwanamke wa miaka 55. Nilipandishwa kutoka mikrogramu 50 hadi 100, na ndani ya mwezi mto wangu ukawa na upande mmoja tu. "Ratiba" imerudi. Maneno mengine bado yananikimbia, lakini sasa nina miaka 41, labda ni kawaida.

Kuna lisilorudi. Nilitaka mtoto wa pili. Tiba hii si dawa ya uzazi, na wala haizuii mimba, kwa hiyo asiyetaka mtoto bado anapaswa kujikinga, maana mmoja wa wale watano hadi kumi anaweza kuwa yeye. Kwangu hesabu hiyo ilinitesa. Kila mwezi nilijiambia huenda na mimi nimo. Watu husema "si unaye mmoja." Ninaye. Siendelei kulizungumza.

Na lipo ambalo nimeliandika hapa na kulifuta mara mbili: ukavu. Tendo la ndoa lilikuwa linauma kama kidonda. Sikusema. Nilianza kulala mapema, au kuchelewa makusudi, na mume wangu akadhani nimemchoka. Kibandiko pekee hakikutosha. Niliongezewa estrojeni ya kuweka ukeni, dozi ndogo sana inayofanya kazi palepale, pamoja na kilainishi. Siku niliyomweleza mume wangu kilichokuwa kinaendelea aliniuliza kwa nini nilimwacha akae na mawazo miezi minane. Sikuwa na jibu. Ila amerudi kutoka ukingoni.

Mwezi uliopita binti yangu, ambaye ana miaka kumi, aliingia chumbani nikiwa nabadilisha. "Mama, umeumia wapi?" Alidhani ni plasta. Nilikaribia kumwambia nimejikwaruza. Nikakumbuka kwamba hali hii huweza kwenda kwa damu, mama hadi binti, na kwamba mimi mwenyewe sikuwahi kumwuliza mama yangu yake ilikoma lini, wala yeye hakuwahi kusema. Nikamkalisha kitandani nikamweleza kwa kadiri ya umri wake: mwili una vitu unavyojitengenezea, wa mama umeacha kimoja mapema, kwa hiyo mama anakiweka kwa nje.

Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama kinauma kukitoa. Kinauma kidogo, nikamwambia. Akaomba akitoe yeye. Alhamisi iliyofuata ndiye aliyenikumbusha.