Mume wake hujulikana malangoni

Jumapili rafiki yetu aliyeko Hispania alitupia picha kwenye grupu. Aliipiga katika makumbusho ya Thyssen-Bornemisza, Madrid: mwanamke wa Kiholanzi, kichwani kitambaa cheupe cha kitani, mbele yake gurudumu la kusokotea nyuzi lenye nakshi kama mlango wa Unguja. Mchoraji ni Maarten van Heemskerck, mwaka 1531 hivi. Wa kwanza akauliza, "Huyu sista wa shirika gani?" Wa pili, "Hiyo ni cherehani?"

Si sista. Mabibi wenye uwezo wa Holland walijifunga hivyo wakati ule, na kwa wenzao kitambaa kile kilisema mengi, kama kanga kwetu. Kilichonikera ni kwamba mchoraji anatajwa, kitambaa kina wataalamu wake, gurudumu nalo lina maelezo. Mwenye sura? Bibi anayesokota. Asiyejulikana.

Hajulikani na nani? Muuza samaki wake alimjua. Majirani walimjua, na bila shaka walimsema. Picha kama hizi zilitundikwa nyumbani, ambako hakuna aliyehitaji kuambiwa huyu ni nani. Nani kati yenu ameandika "mama" chini ya picha ya mama sebuleni? Kisha watoto hufa, wajukuu hufa, nyumba huuzwa, picha huishia mnadani, na jina hubaki njiani. Sasa ukisema "asiyejulikana" ni kana kwamba yeye ndiye aliyesahau kujitambulisha.

Mchoraji, lo! Karel van Mander, aliyeandika habari za wachoraji mwaka 1604, anatusimulia kuwa baba yake Maarten, mkulima, alimwachisha uchoraji akamrudisha kukamua ng'ombe. Siku moja kijana akapita chini ya tawi na ndoo kichwani, makusudi, maziwa yote chini, akatoroka. Ndoo ya maziwa ina historia. Mwanamke hana hata herufi.

Na hilo gurudumu. Wanatueleza ni ishara ya mke mwema wa Mithali 31, yule atiaye mikono yake katika kusokota. Mnamjua, hakuna sendofu asiposomwa. Nimekisikia kifungu hicho tangu utotoni, ila juzi ndipo nilipokisoma kwa hasira. Mama wa watu anaamka kungali usiku, ananunua shamba, anapanda mizabibu, taa yake haizimiki, anashona nguo za kitani na kuziuza. Mistari 22, jina hakuna. Halafu, katikati ya jasho lote hilo, mstari wa 23: mume wake hujulikana malangoni. Mume! Kafanya nini? Ameketi na wazee.

Msinijie juu, naisoma Biblia kama ninyi.

Bibi yangu alipofariki, fundi wa msalaba alisimama na brashi mkononi akisubiri jina. Tukatazamana. Sote tulimwita Bibi, mtaa ulimwita Mama Fulani kwa jina la mjomba, kadi ya kliniki ilikuwa na jina la babu. Watu wazima tuliosoma tulipigiana simu hadi jua likapinda. Aliyetuokoa ni mama mmoja jirani, muuza mkaa, aliyecheza naye utotoni. Ile kanga aliyoivaa kwenye picha ya studio, maandishi yake tungeyataja sote bila kutazama.

Haya, nakubali, shingo upande: bila wanaochungulia vitambaa vya kichwani, yule wa Madrid tungeendelea kumwita sista. Na kwenye makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam, kuna mwingine wa Heemskerck huyo huyo, wa mwaka 1529, naye anasokota, mumewe kwenye picha ya pili akihesabu pesa. Wenyewe wanaandika: labda Anna Codde. Wapo wanaoibishia hiyo "labda". Mimi naipokea kwa mikono miwili. Walau mtu amehangaika kutafuta.

Haya yote niliyamwaga kwenye grupu saa sita usiku. Asubuhi nikakuta jibu moja, la yule wa cherehani: "Kwani bibi yako aliitwa nani?"

Nilipoona hivyo nilikaa kitandani kwanza, nikalitamka kwa sauti, kuhakikisha bado ninalo.