Tarumbeta Nyekundu Iacheni Milimani

Mche wa brugmansia nyekundu, mti wa maua ya tarumbeta, ukiteremshwa kwenye basi hapa Malindi umeshaanza kufa, ila majani yake hayajapata habari. Mjengee kibanda cha makuti, umwagilie asubuhi na jioni, mwekee mbolea ya bei. Utaishi, pengine mwaka mzima, utatoa majani mapana ya kupendeza, na maua hautatoa. Nasema wazi kwamba sisi wapenda bustani wa pwani tunamwaga pesa kwa mmea ambao kosa lake ni kuzaliwa mlimani, huku ndugu zake wa nchi ya joto tukiwapita kama hatuwaoni.

Kwanza tutenganishe majina. Mnanaha unaoota kando ya majalala, ua likitazama juu na tunda likiwa na miiba, ni datura. Brugmansia ni jirani yake tu. Hiyo ina shina la mti, ua lake huning'inia kama tarumbeta iliyotundikwa, na tunda lake halina mwiba hata mmoja. Brugmansia zenyewe ziko mbari mbili. Mbari ya baridi ni sanguinea, ambayo ndiyo hiyo nyekundu, pamoja na arborea nyeupe na vulcanicola. Zote ni za milima ya Andes, na sanguinea huipenda nchi ya mita 2,000 na zaidi. Mbari ya joto ni suaveolens ya kusini mashariki mwa Brazili, versicolor ya bonde la Guayaquil kule Ekwado, na aurea. Usidanganyike na aurea: kwa nasaba imo kundi la joto, lakini kwao ni mlimani na hapa kwetu hununa.

Watu hulaumu jua. Jua lina dawa, ni kivuli. Kisicho na dawa ni usiku. Mmea hutengeneza sukari mchana na kuitumia usiku unapopumua, na usiku ukiwa wa joto matumizi hupanda. Sanguinea huweka vitumba vizuri usiku ukishuka nyuzi 10 hadi 15. Malindi hata Julai, mwezi ambao wazee hujifunika shuka mbili, alfajiri huzunguka nyuzi 22. Kila alfajiri mmea huamka na deni. Vitumba vikitokea hugeuka manjano na kudondoka vikiwa na urefu wa kidole.

Halafu linakuja kosa la mwenye mmea. Saa saba mchana majani yanalegea, naye anakimbilia ndoo. Chimba kidole kwanza: mara nyingi udongo umelowa, ila majani mapana yanapoteza maji upesi kuliko mizizi inavyoyavuta. Ukimwaga tena, mizizi inakosa hewa ndani ya chungu chenye moto na inaoza. Ukiona mmea umelegea saa saba na kunyanyuka magharibi, uache. Ukiwa bado umelegea alfajiri, hapo kuna kiu au kuna kuoza, na kidole kitakuambia ni kipi.

Ukiwa hulali bila nyekundu, tafuta mtu wa milima ya Taita akuoteshee kwao. Wundanyi iko karibu mita 1,400, na kilele cha Vuria kinafika 2,208, kwa hiyo kadiri anavyoishi juu ndivyo utakavyofaulu. Mwambie asioteshe kijiti cha sanguinea kwenye glasi ya maji, kwa kuwa huoza kabla ya kutoa mzizi. Akiweke kwenye mchanga wa mto wenye unyevu kidogo tu, kivulini, na awe na subira. Vijiti vya mbari ya baridi huchelewa kuliko vya joto.

Kuna na ndoto nyingine, ya kuziozesha: tuchukue chavua ya nyekundu tuipake kwenye suaveolens ya pwani, tuzae chotara mwekundu anayestahimili joto. Ndoto hiyo iachwe. Mbari hizo mbili hazizaani. Ndani ya mbari moja, sawa: sanguinea na arborea huzaa flava, aurea na versicolor huzaa candida, suaveolens na versicolor nazo huzaa chotara wao. Huyo wa mwisho ndiye wa kwetu. Wazazi wake wote wawili wanaweza kuishi hapa, na versicolor ina tabia ya kufungua nyeupe kisha kuiva taratibu hadi rangi ya pichi. Wekundu haumo, lakini mtu akiona tarumbeta zenye urefu wa sentimita 40 zimebadilika rangi mtini hataulizia nyekundu.

Sasa kuotesha. Tafuta kwanza panda, pale shina linapogawanyika mara mbili kwa mara ya kwanza. Chini ya panda mmea bado ni mtoto, na maua hutokea juu yake. Kijiti kilichokatwa juu ya panda huchanua kikiwa kifupi. Kilichokatwa chini lazima kirefuke mpaka kifanye panda yake. Kutambua kimoja na kingine, tazama kitako cha jani: juu ya panda upande mmoja huanzia chini zaidi kuliko wa pili. Kata sentimita 15 hadi 20, unene wa penseli, vifundo viwili au vitatu, kisha ondoa majani yote isipokuwa mawili ya ncha, nayo uyakate nusu. Juni hadi Agosti ndio wakati wenye huruma. Mizizi huonekana baada ya wiki mbili hadi nne. Kisu kipanguse kwa spiriti kila unapohamia mmea mwingine, na mvuta sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika, kwa maana virusi vya tumbaku huingia kwenye ukoo huu wote.

Udongo ndipo pwani inapotushinda. Mchanga wetu umejaa chokaa ya matumbawe, na brugmansia ndani yake hupata majani mapya ya manjano yenye mishipa ya kijani, dalili ya kukosa chuma. Usiongeze samadi ukidhani ni njaa. Panda kwenye ndoo ya lita 20 hadi 40 yenye matundu, kwa mchanganyiko wa sehemu mbili za mboji iliyoiva, moja ya mchanga wa mto na moja ya vumbi la makumbi. Mchanga wa ufukweni hapana. Na makumbi yaoshe mara tatu kwa maji baridi, maana mengi yamelowekwa baharini kwa ajili ya kamba na chumvi imo. Maji ya kisima yakiwa na ladha ya chumvi, kinga maji ya mvua. Kingo za majani zikiungua na kuwa kahawia, chumvi imeshafika. Mahali ulipopanda biringani au nyanya pasitumike tena, kwa kuwa minyoo ya fundo, ile inayovimbisha mizizi, hungoja humo mchangani. Mbolea ya 17:17:17, kijiko kimoja cha chai kila wiki mbili kwa ndoo ya lita 20, juu ya udongo uliolowa. Ukuta uwe upande wa bahari kuzuia upepo wa chumvi, na mkilifi upande wa magharibi kwa kivuli cha alasiri. Utitiri huja kiangazi chini ya majani. Mwage maji kwa nguvu kutoka chini kwenda juu kabla hujafikiria dawa.

Kuozesha, yaani kuchavusha kwa mkono, ni kazi ya magharibi, na inahitaji mimea miwili iliyo tofauti kwa damu. Vijiti kumi vilivyokatwa mti mmoja ni mmea mmoja, na brugmansia nyingi hukataa chavua yao wenyewe. Hapo ndipo wengi wanapochavusha mwaka mzima bila tunda na kumlaumu mdudu.

Chagua kitumba kilichovimba, kinachotarajiwa kufunguka jioni hiyo. Saa tisa alasiri kipasue ubavuni kwa wembe, toa vichavulio, vile vifuko vya chavua, vyote vitano kabla havijapasuka, na usiguse uzi wa katikati. Kikipasuka kimoja ukiwa ndani, acha ua hilo. Machweo, ncha ya uzi ikishaanza kunata, ipake chavua ya baba kwa brashi ndogo au kwa kichavulio chenyewe, uifunike kwa karatasi ya foili kama kofia, na ufunge lebo: mama kwanza, baba baadaye, tarehe. Baba akichanua mapema kuliko mama, kausha vichavulio siku moja kivulini, viweke kwenye kichupa pamoja na mchele mkavu ndani ya friji. Hudumu wiki kadhaa.

Ua likianguka na kikonyo kubaki kijani wiki mbili, tunda limeshika. Linataka miezi minne mpaka sita, la versicolor hata zaidi, na tawi lifungiwe kijiti. Mbegu zina koti kama gamba la kizibo. Loweka saa 24, menya koti kwa ukucha, fukia sentimita moja. Miche ya baba na mama hao hao haifanani, basi panda ishirini ukitarajia miwili ya kuweka. Mingine ichome au iache ikauke kabisa. Tawi bichi lililotupwa kando ya mfereji hushika mizizi lenyewe.

Neno la sumu sitalipitia haraka, ingawa wauza miche hulipitia. Kila sehemu ina sumu za skopolamini na atropini, mbegu zikizidi. Utomvu kidogo ukifika jichoni mboni hupanuka na kuona kunafifia siku nzima, kwa hiyo nawa kabla hujajifuta jasho. Mbuzi wasifike. Nyumba za Lamu zina kiwanda cha ndani, yaani uwanja mdogo ulio wazi katikati ya nyumba, kizuri kwa chungu, lakini hewa yake haitembei: maua kumi ya suaveolens yakifunguka usiku humo, anayelala karibu huamka na kichwa kizito. Pale watoto wanapocheza, chungu kisiwepo. Kipandishwe juu ya dari, kifungwe kwa kamba pande tatu kabla kusi haijaanza.