Zimwi likujualo

Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nimeisikia methali hii ikisemwa juu ya ndugu wanaokopa bila kulipa, juu ya wakubwa wa kazini, juu ya wachumba. Sijawahi kuisikia ikisemwa juu ya minyoo, na huko ndiko inakofaa kuliko kote. Wahenga walikuwa na jicho kwa mambo haya. Hata "kikulacho ki nguoni mwako" ni biolojia iliyo sawasawa: chawa wa mwili hakai kwenye ngozi, anakaa kwenye mishono ya nguo na kwenda kwenye ngozi akitaka kula tu.

Nasema haya kwa sababu nimechoshwa na mazimwi ya kimelea ya hadithi za kubuni. Hayamjui mtu. Asubuhi zimwi linatua kutoka nyota ya mbali, mchana limeshaingia mwilini mwa mpishi wa chombo cha angani, jioni linatokeza kifuani likiwa na ukubwa wa ndama (nyama yote hiyo imetoka wapi, wakati mpishi hakupungua hata kilo?), na kabla ya mapambazuko limemaliza watu wote. Kesho yake litakula nini? Litazaa ndani ya nani? Zimwi la namna hiyo siliiti kimelea. Ni simba aliyejificha mahali pabaya.

Kumjua mwenyeji, yaani yule ambaye kimelea kinaishi mwilini mwake na kumnyonya, ndiyo kazi yenyewe, na ni kazi ngumu. Chukua kimelea cha malaria kiitwacho Plasmodium vivax. Ili kiingie kwenye chembe nyekundu ya damu, hushika protini moja iliyo juu ya chembe hiyo, inayoitwa Duffy. Watu wengi wa asili ya Afrika Magharibi na Kati hawana protini hiyo kwenye chembe zao nyekundu, na ndiyo maana vivax huwapata kwa nadra sana. Ni protini moja tu. Kimelea kilichokaa na binadamu tangu enzi na enzi kinafika mlangoni, kinapapasa, kinakosa pa kushika. Halafu mwandishi ananiambia mdudu ambaye mababu zake hawajawahi kuonja hata tone la damu ya dunia hii anaingia mwilini mwa yeyote kama anaingia sokoni.

Akishaingia, bado kuna kinga ya mwili. Waandishi wengi huisahau kabisa, na hapo hujinyima utamu wote. Mnyoo wa kichocho huishi ndani ya mishipa ya damu kwa miaka, dume akiwa amembeba jike kwenye mfereji wa mwili wake, huku askari wa kinga wakipita pembeni. Hawamkamati kwa sababu amejipaka protini za mwenyeji mwenyewe; kwa macho yao anafanana na watu wa nyumbani. Kimelea cha malale, yule anayeletwa na mbung'o, ana mbinu nyingine. Huvaa koti la protini, kinga ikishalitambua koti hilo na kuanza kuua, wachache wanakuwa wameshabadili, na jeni zake zina mitindo zaidi ya 1000 ya makoti. Zimwi lenye kabati la nguo! Nipe hilo, uchukue meno yote unayotaka.

Nikiri kwamba methali ina mpaka wake. Kuna waliowahi kuamini kwamba kila kimelea kikikaa na mwenyeji muda mrefu lazima kiwe mpole. Sivyo. Mwaka 1950 Australia waliachilia virusi vya myxoma ili kupunguza sungura. Mwanzoni viliua karibu sungura wote walioambukizwa, takriban 99 kwa kila 100. Miaka michache baadaye aina zilizotamba zilikuwa zile za kati, zisizoua haraka, kwa kuwa sungura aliyechelewa kufa aliwapa mbu muda mrefu zaidi wa kumuuma na kusambaza virusi. Lakini hazikuwa pole. Ziliendelea kuua sungura wengi. Ukali hupimwa kwa njia ya kusafiri. Kimelea kinachohitaji mwenyeji wake atembee kitamwacha atembee. Kinachohitaji aliwe na mnyama mwingine kitamtengenezea kifo kwa uangalifu mkubwa. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza zimwi lolote ni moja: unasafirije?

Na jambo la kutawala akili. Kila mtu sasa anamjua yule kuvu wa sisimizi, Ophiocordyceps, anayemtoa sisimizi kwenye njia zake, akamfanya aume mshipa wa jani kama sentimita 25 juu ya ardhi, afie hapo, kisha shina la kuvu lichipuke shingoni. Wanaoiga huandika kwamba kuvu "amekula ubongo". Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta seli za kuvu zimejaa mwilini na kuizunguka misuli, ila ndani ya ubongo hazikuwamo. Kwangu hilo linatisha maradufu. Ubongo umeachwa mzima, huku miguu na taya vina bwana mwingine.

Basi, badala ya kulalamika tu, nimejaribu kutengeneza wangu. Nimempa jina Kaimu.

Babu yake wa kifasihi ni mdudu wa kweli, Cymothoa exigua, wa ukoo wa kaa na kamba. Huingia kwa samaki kupitia matamvua. Jike hujishikiza kwenye ulimi, ulimi unakosa damu na kunyauka, naye anabaki amekaa pale ulipokuwa. Kaimu ni huyo, ila wa binadamu: anakaimu nafasi ya ulimi.

Chakula kwanza, maana hapo ndipo mazimwi wengi hufeli. Kaimu ana ukubwa wa kidole gumba na anakunywa damu. Mnyoo mmoja wa safura hunywa chini ya theluthi ya mililita kwa siku; Kaimu ni mkubwa zaidi, nikampa mililita 5, kijiko cha chai. Kwa siku 90 hiyo ni mililita 450, sawasawa na chupa moja ya mchangia damu kila baada ya miezi mitatu. Mtu anaishi nayo. Atakuwa mchovu kidogo, atatamani maini, atasema ni kazi nyingi.

Anasafirije? Hapa nilikwama wiki mbili. Mate yalikuwa jibu rahisi mno, kubusu nako kumetumiwa na kila mtu. Mwishowe nikaona jibu liko kwenye kazi yenyewe ya ulimi: Kaimu anasafiri kwa mnong'ono. Mtu anayenong'ona huleta mdomo sikioni mwa mwenzake, na mwenzake hajitengi, anasogea. Kitoto cha Kaimu, kisichozidi punje ya mchanga, kinarushwa na pumzi hadi tunduni mwa sikio. Mbele yake kuna kiwambo. Kinakitoboa, sikio linauma siku kadhaa, kisha tundu linaziba lenyewe, kama matundu madogo ya kiwambo yanavyoziba mara nyingi. Nyuma ya kiwambo kuna mrija wa Eustachi unaoteremka hadi nyuma ya pua, juu ya koo. Ramani ilikuwepo mwilini siku zote, mimi nimeifuata tu.

Dalili za nje, basi, ni umbea. Kaimu hana haja ya kuendesha mawazo ya mtu. Anamwaga tu kitu kidogo kwenye damu kinachofanya siri iwashe, na mwenyeji anafanya mengine yote kwa hiari yake. Binadamu ana kitufe hicho tayari, kwa nini zimwi lihangaike kuchonga kingine?

Sehemu niliyoifurahia kuliko zote ni matamshi. Wiki za mwanzo Kaimu hajaungana vizuri na neva ya ulimi, anakaa tu pale kama kipande cha nyama. Herufi t, d, n, l, r na s zote zinaharibika, kwa kuwa zinahitaji ncha ya ulimi. Zinazobaki salama ni za midomo: m, b, p, f, v. Na irabu iliyo rahisi kuliko zote ni a, ulimi ukiwa umelala tu. Kwa hiyo mtu mzima mwenye ndevu zake anabaki na "mama" na "baba" kama mtoto mchanga, huku akiwaandikia watu kwenye karatasi kwamba ana kidonda mdomoni. Baadaye n inarudi, kisha t. Ya mwisho ni r. (Tafadhali msianze kuwashuku wote wanaosema "habali". Wengi wao hawana mdudu.)

Mwezi wa tatu anaongea vizuri kuliko zamani. Ukimwambia akamng'oe Kaimu, atakuuliza abaki na nini mdomoni, na hutakuwa na jibu. Mwenyeji wa Kaimu hafungwi na mtu. Anamtetea.

Mawili bado yananisumbua. La kwanza ni dume. Wadudu wa jamii ya Cymothoa huanza wote wakiwa madume, kisha mmoja hugeuka jike, na dume hukaa kwenye matamvua. Binadamu hana matamvua. Kwa sasa nimemweka dume nyuma ya tonsili, mahali penye joto, unyevu na mabaki ya chakula, ingawa nahofia atamfanya mwenyeji akohoe usiku kucha na mke wake ampeleke kwa daktari kabla hadithi haijaanza.

La pili ni ladha. Vionjo vingi viko ulimini, na ulimi haupo. Nimeandika onyesho ambapo mwenyeji anakula embe, anatafuna, anameza, hasikii chochote, kisha anasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Tamu sana." Sijaamua bado kama Kaimu anadanganya au kama yeye kweli ameionja.