Kiwanda kimesema bastola yangu imechoka tu

Ndugu zangu wa Moshi, kila nikiwapigia mnaniambia huko Marekani kitu kikiharibika unapewa kipya. Ngojeni niwasimulie ya bastola yangu.

Kabla hamjashtuka: nafanya ulinzi wa usiku Texas, na mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kumiliki silaha. Niliinunua dukani ikiwa mtumba. Miaka sita imekaa kiunoni, inaingia na kutoka kwenye mkoba wake, rangi imebanduka mpaka chuma kinang'aa kama sufuria ya shughuli. Hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni maganda ya risasi kuanza kunasa.

Kiwanda kinatangaza waranti ya maisha. Nikapiga simu, wakanitumia lebo ya kubandika kwenye boksi, kampuni ya mizigo ikalichukua, maana posta ya serikali haikuwa inapokea bastola ya mtu binafsi. Wiki nne baadaye boksi likarudi mpaka mlangoni. Sheria inakiruhusu kiwanda kumrudishia mwenyewe moja kwa moja.

Ndani kulikuwa na barua. Springi wamebadilisha bure. Rangi: uchakavu wa kawaida. Mtutu: umelika kwa matumizi, nikitaka mpya nilipe. Nikapiga kubishana, nikasema mimi nimefyatua mara chache sana (mwenye bastola wa kwanza alifyatua ngapi, Mungu ndiye ajuaye). Dada wa watu akanisomea ibara ileile mara tatu, kwa sauti ileile: waranti ni ya kosa la kiwanda, chuma kibovu au kazi mbaya, si ya kuchakaa. Nikatafuta pa kupenyeza "dada yangu, tusaidiane basi". Hapakuwepo.

Na msiniambie niende serikalini. Tume yao ya usalama wa bidhaa, inayoweza kukibana kiwanda kwa kitanda kibovu cha mtoto, sheria yake ya mwaka 1972 imeziweka bunduki kando. Ile ya waranti ya mwaka 1975 inataka masharti yaandikwe wazi. Yameandikwa wazi, ndiyo maana nimeshindwa.

Sasa nyumbani. Friji ya mama kule Kibosho ilikufa mwezi wa pili, na waranti yake ya mwaka mmoja imeandikwa kwa kalamu nyuma ya risiti. Mwenye duka, pale mjini, alimwambia mdogo wangu kwamba umeme wa huko kwenu unapanda na kushuka, kosa si lake. Mdogo wangu hakusoma ibara yoyote. Alikaa. Akaulizwa habari za mama, akaulizwa ni wa ukoo gani, saa moja ikapita, mwisho akaitwa fundi wa Majengo na mwenye duka akatoa nusu ya gharama. Haki haikuwepo pale, ila friji iligandisha. Mgeni asiye na ukoo wa kutajwa angerudi na risiti yake mkononi, hilo nalijua.

Kwa silaha, mambo yamegeuka kabisa. Bunduki ya marehemu baba ilijulikana na mtendaji, polisi na kijiji kizima. Kwenye uhakiki wa mwaka 2016 aliibeba mwenyewe kituoni na kitabu chake, kavaa koti la Jumapili. Lakini hakuwahi kufikiria kwamba kiwanda chake kina simu. Huku Texas serikali haina daftari la kuandikisha bastola za watu, ila kiwanda kinaijua yangu kwa namba na kinajua mtutu wake umelika kiasi gani. Mimi, kwa kitu kinachoua, naona afadhali utaratibu wa baba.

Mtutu nimelipia. Mdogo wangu anasema friji imeanza kuunguruma tena, na Jumapili atamvizia mwenye duka nje ya kanisa.