Nyimbo kumi katika miaka kumi na moja: albamu ya Beth Gibbons na lawama ya kuchelewa

Juni 2013 ilitangazwa kwamba Beth Gibbons, sauti ya kundi la Portishead la Bristol, anaandaa albamu ya peke yake chini ya Domino, lebo huru ya London. Albamu yenyewe, Lives Outgrown, ilitoka Mei 17, 2024. Tangazo lilimkuta na miaka 48, albamu ikatoka akiwa na 59. Ndani yake mna nyimbo kumi. Ukigawanya, hata wimbo mmoja kwa mwaka haufiki.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonikalisha chini kuandika. Kila nikizungumza na wapenzi wa muziki kuhusu albamu hii, hazipiti dakika tano mtu hajaitaja, tena huitaja kama kosa. Miaka yote hiyo alikuwa anafanya nini? Wapo wanaoona ni uvivu wa msanii aliyeshiba. Wapo wanaoona ni ujanja: ukinyamaza vya kutosha, siku ukirudi hata ukikohoa wataita sanaa. Nawaelewa wote, ila nadhani hesabu wanaisoma kinyumenyume.

Nianze na upande wao, maana si watu wa kupuuzwa. Mwaka 2020 Daniel Ek, mwanzilishi wa Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, alisema kwenye mahojiano kwamba mwanamuziki hawezi tena kurekodi mara moja kila miaka mitatu au minne akadhani inatosha. Wanamuziki wengi walimjia juu, lakini alichosema kinaeleza sawasawa namna duka lake linavyoendeshwa. Tangu 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12 haulipwi kitu pale. Kijana anayetoa wimbo kila mwezi anapigana asisahaulike, na hakuna haki ya kumcheka. Anayefuatilia Bongo Fleva anajua jinsi wimbo wa Ijumaa unavyoweza kuwa umezeeka kufikia Jumatano.

Hoja yao nzito kuliko zote ni ya pesa. Subira ya miaka kumi na moja ina mtu anayeilipia. Albamu ya kwanza ya Portishead, Dummy ya 1994, iliuzwa kwa mamilioni na mwaka uliofuata ikachukua Tuzo ya Mercury, tuzo ya albamu bora ya mwaka Uingereza, na nyimbo zake hadi leo zinapigwa. Mtu mwenye mirabaha ya namna hiyo anaweza kuambiwa "nenda, rudi ukiwa tayari". Binti wa miaka 24 anayelipia chumba Bristol au Manchester na kuimba baa siku ya Alhamisi haambiwi hivyo na mtu yeyote. Kwa hiyo anayesema kwamba Gibbons amepewa nafasi ambayo wenzake wengi hawatapewa kamwe, anasema kweli, na sina jibu la kumpinga.

Pale anapoendelea na kudai kwamba kwa kuwa nafasi ile ni ya wachache basi kilichofanyiwa humo hakina uzito, hapo ndipo tunapoachana.

Kwanza, huyu mama hakulala. Novemba 2014 alisimama Warsaw mbele ya okestra ya redio ya taifa ya Poland, ikiongozwa na mtunzi Krzysztof Penderecki, akaimba Simfonia ya Tatu ya Mpoland mwingine, Henryk Górecki. Ni kazi iliyoandikwa kwa sauti ya juu ya kike, na sauti yake yeye ni ya chini. Kipoland hakijui, aliyashika maneno yote kwa kujifunza. Rekodi ya usiku ule ilitoka 2019. Mwaka 2022 akasikika kwenye wimbo wa rapa wa Marekani Kendrick Lamar, "Mother I Sober", na mwaka huohuo Portishead wakapanda jukwaani Bristol kuchangia watoto wa Ukraine walioathiriwa na vita. Kilichokosekana kwa miaka yote ile ni albamu yake mwenyewe, na sababu za kukosekana kwake zimo ndani ya nyimbo zenyewe.

Katika maelezo machache aliyotoa, yeye ambaye tangu miaka ya 90 anakwepa mahojiano, alisema kwamba miaka yake ya hamsini ilikuwa ya kuaga: ndugu, marafiki, hata yule mtu aliyekuwa yeye mwenyewe zamani. Alisema ukiwa kijana hujui mambo yataishia wapi, unadhani utavuka tu. Kisha akautaja mwili, kwamba ukishagombana na mwili wako huwezi kuulazimisha ufanye usichotaka. Sasa sikiliza "Oceans". Anaimba kuhusu yai la uzazi na mtoto asiyeingia tumboni, kwa maneno yasiyofunikwa, tena kwa sauti iliyochoka kidogo pembeni. Mwanamke anayekaribia kukoma hedhi, akiimba juu ya kukoma huko kwenyewe: mtanitajia nyimbo ngapi za namna hiyo katika muziki wa Uingereza wa miaka yote hii? Mapenzi ya umri wa miaka 20 yana nyimbo za kujaza meli. Mlango huu, ambao kila mwanamke akijaliwa umri ataupita, karibu hauna wimbo.

Ndiyo maana ile hesabu yao nairudia kila mara. Laiti Gibbons angetii kasi iliyotajwa na Ek, albamu ingetoka 2014 au 2015, naye ana miaka 49 au 50. Ingekuwa na sauti ileile, pengine na midundo mizuri kuliko hii. Lakini sehemu kubwa ya yaliyoimbwa humu ilikuwa bado haijampata. Wale waliozikwa pengine walikuwa wazima, na mwili ulikuwa bado unabishana naye, haujashinda. Hivyo basi sehemu ya miaka ile tunayomdai haikupotea kwenye utayarishaji. Ni mali ya ujenzi, kama mawe na chokaa. Ukitaka nyumba ijengwe upesi, lazima uniambie mawe yatatoka wapi.

Upande wa ufundi nao una mambo yake, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo masikio yangu yalipoishia. Portishead tuliwajua kwa midundo iliyokatwa kwenye santuri za zamani, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali unaokata kama fimbo. Gibbons aliitaka itoke. Alianza kazi na Lee Harris, aliyekuwa mpiga ngoma wa kundi la Talk Talk, nao wakakusanya vyombo vya nyumbani: vibakuli vya Tupperware, makopo yaliyotiwa njegere, chupa ya maji ya ngozi ya ng'ombe, sanduku lililojaa mapazia. Baadaye akaingia James Ford, mtayarishaji tuliyemzoea kwa kazi zake na kundi la rock la Arctic Monkeys, na kuna mahali anapiga nyuzi za ndani ya piano kwa vijiko.

Niliposoma habari hizo niliingia jikoni. Nilichukua bakuli la plastiki tunalowekea unga, likiwa nusu, nikalipiga kwa kiganja. Mlio ni mfupi, mnene, unakufa palepale. Nikapiga sufuria: inalia, inaendelea kulia, inataka kusikilizwa. Nikarudi kwenye albamu na hedifoni, nikaelewa kwa nini sauti ya Gibbons humu inasikika iko karibu namna ile. Hakuna kinacholia baada yake. Kila pigo linakufa mapema na kumwachia nafasi. Bibi zetu waliopiga upatu na makopo kwenye ngoma za kike wasingehitaji kuelezwa: kifaa cha nyumbani kina sauti yake, na mwanamke anayekishika kila siku anaijua kuliko fundi wa studio.

Upo wimbo mmoja ambao wapinzani wenyewe hukiri umewashika, "Floating on a Moment". Unaanza taratibu, gitaa na besi, na kadiri unavyopanda inaingia kwaya ya watoto wakiimba kwamba sote tunaelekea pasipo mahali. Maneno hayo akiyaimba mtu wa miaka 59 ni huzuni ya kawaida. Yakitoka kwa watoto, tena kwa furaha ileile ambayo watoto huimbia chochote, shingo inasisimka. Mara ya kwanza nililazimika kusimamisha nikaurudisha nyuma, nikidhani nimesikia vibaya.

Je, albamu nzima iko kwenye kiwango hicho? Hapana. Katikati mna nyimbo zinazotembea kwa mwendo mmoja, na "Burden of Life" imebebeshwa vinanda vingi kiasi kwamba uzito wa jina lake unageuka kuwa mzigo wa kweli. Anayesema ni albamu ya kusikiliza umekaa peke yako, usiku, na si vinginevyo, simbishii. Wala simlaumu anayetamani wenzake wa Portishead, Geoff Barrow na Adrian Utley, wangekuwamo. Mimi mwenyewe nilitamani, hadi wimbo wa tatu hivi.

Lakini dai kwamba wachambuzi wamelipigia saluti jina tu, hilo silioni. Albamu iliingia orodha ya mwisho ya Tuzo ya Mercury ya 2024, miaka 29 baada ya Dummy kushinda tuzo ileile. Ingekuwa hadithi tamu sana kwa magazeti kumpa mama huyu, na kama heshima ya jina ndiyo iliyokuwa ikigawiwa, nafasi ilikuwa ile. Tuzo ilikwenda kwa English Teacher, vijana wa Leeds, kwa albamu yao ya kwanza.

Wala Gibbons hakuwa peke yake. Novemba ya mwaka uleule Kim Deal, Mmarekani aliyewahi kuwa kwenye kundi la rock la Pixies, na wa The Breeders, alitoa albamu yake ya kwanza ya peke yake kwa jina lake, akiwa na miaka 63. Ndani yake mna wimbo "Are You Mine?", uliotokana na mama yake aliyekuwa na ugonjwa wa Alzheimer: walipishana ndani ya nyumba, mama akamtazama akamuuliza, wewe ni wangu? Hapo tena nauliza, wimbo huo ungeandikwa vipi kwa ratiba ya wimbo kila mwezi? Mtu alikuwa nyumbani kwa wazazi wake, akiwauguza. Kwa mwanamke wa umri huo kimya mara nyingi ni kazi ya namna hiyo, wala haihesabiwi na mtu.

Masikioni mwetu sisi wa pwani haya yasingepaswa kuwa mageni. Tulimsikiliza Bi Kidude akiwa bibi kabisa, na hakuna aliyetaka sauti yake iwe ya msichana. Ule mkwaruzo ndio tuliokuwa tukiufuata. Ajabu ni kwamba tukigeukia muziki wa Ulaya tunabeba kipimo kingine, tunamuuliza mwanamke wa miaka 59 kwa nini hakurudi mapema, kana kwamba sauti ni embe linaloharibika likikaa.

Ninapowapa wapinzani haki yao kamili ni kwenye swali la nani mwingine atavumiliwa hivi. Domino walisubiri. Ni lebo iliyoanza 1993, haina wanahisa wa soko la hisa wa kuwaeleza kila robo mwaka kwa nini albamu moja imechelewa, na ina wasanii wengine wanaouza sana wa kulipia kodi ya ofisi wakati huyu mmoja anatafuta mlio wa njegere ndani ya kopo. Lebo za aina hiyo ni chache, na anayetaka nyimbo kama "Oceans" ziendelee kuandikwa, hata na wale ambao hawakuwahi kuwa na Dummy, kelele zake azielekeze huko: kwenye mirabaha inayomfikia mwanamuziki mdogo, na kwenye ile sheria ya mara 1,000. Yule binti wa Bristol wa miaka 24 naye atafika 59. Kwa mfumo ulivyo sasa ataacha muziki akiwa na 30, na atakayoyaona baada ya hapo hatutayasikia.

Wimbo wa mwisho, "Whispering Love", unamalizikia nje, kwenye sauti za ndege. Gibbons alikulia shambani, Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Anaacha kuimba, ndege wanaendelea kidogo, kisha rekodi inakatika.